Mwanajiolojia Barazani: Rekodi ya Wakhungu Ikitazamwa Kutoka Eastleigh

Serikali zetu huwapenda maprofesa siku ya kuapishwa kuliko siku wanapoomba muda wa kupima. Msomi huteuliwa kwa vyeti vyake, akapewa gari la bendera, kisha akatarajiwa kusema kama wasemavyo wanasiasa: upesi, na kwa tarakimu kubwa. Nashikilia kwamba faida ya mwanasayansi serikalini ni nidhamu yake ya kupima kwanza ndipo atangaze, na kwamba akiiacha nidhamu hiyo mlangoni hatofautiani na waziri mwingine yeyote. Rekodi ya Profesa Judi Wakhungu, waziri wa zamani wa mazingira wa Kenya, inafaa kuijaribia hoja hii kwa sababu ina ushahidi wa pande zote mbili, na Eastleigh, mtaa wa Nairobi wenye biashara kubwa na mifereji midogo, ni mahali pazuri pa kusimama tukiitazama.

Wakhungu alisomea Marekani: jiolojia katika Chuo Kikuu cha St. Lawrence, jiolojia ya mafuta huko Wisconsin-Madison, kisha uzamifu wa usimamizi wa rasilimali za nishati Penn State. Nyumbani alikuwa mwanajiolojia wa kwanza mwanamke katika Wizara ya Nishati, na mwanamke wa kwanza kufundisha jiolojia Chuo Kikuu cha Nairobi. Penn State alifundisha na kuongoza taasisi ya wanawake katika sayansi na uhandisi, kabla ya kuja Nairobi kuongoza ACTS, kituo cha sera za teknolojia kilichoasisiwa na Calestous Juma mwaka 1988. Hapo alizoea kuzishauri serikali bila kuzitumikia. Mwaka 2013 Rais Uhuru Kenyatta alimteua Waziri wa Mazingira, Maji na Maliasili. Ni safari ya kuheshimika, lakini vyeti havizibui mtaro.

Na mtaro ndio pa kuanzia. Tangu Garissa Lodge igeuzwe kutoka nyumba ya wageni kuwa maduka, mwanzoni mwa miaka ya 1990, Eastleigh imekuwa soko la jumla la Nairobi na miji mingi ya mbali. Kila nguo, kila kilo ya mchele, ilitoka dukani na mfuko wake wa plastiki, na mvua iliponyesha mifuko hiyo ilisaidia kuyasimamisha maji machafu barabarani. Haikuwa sababu pekee. Mabomba ya majitaka yalikuwa yamelemewa na majengo zamani. Kenya ilijaribu kuizuia mifuko myembamba mwaka 2007 na tena 2011, ikashindwa. Kigezo kilikuwa unene, na nani angezunguka sokoni na kifaa cha kupimia unene wa mfuko? Notisi aliyoitoa Wakhungu tarehe 28 Februari 2017 iliachana na unene, ikakataza mifuko yote ya kubebea, ikatoa miezi 6 ya kujiandaa. Wenye viwanda walikwenda mahakamani na kuonya kwamba ajira 60,000 zingepotea. Mahakama Kuu ikakataa kuisimamisha. Tarehe 28 Agosti marufuku ikaanza.

Wapo wanaosema sheria ile ilimwonea mchuuzi, na wana haki. Faini ya hadi shilingi milioni 4, au kifungo cha hadi miaka 4, haina uwiano wowote na meza ya nyanya kando ya barabara. Wengine wanasema mifuko imerudi ikipenyezwa mipakani. Imerudi, ndiyo, lakini kwa kujificha, na mteja wa leo hubeba kikapu au mfuko wa kitambaa bila kulazimishwa na askari. Kosa la adhabu ni kosa la kuandika sheria. Kilichofanya marufuku ishike ni kwamba ilijengwa juu ya kitu kinachoonekana na kukaguliwa kwa macho, na ikapewa NEMA, mamlaka ya taifa ya usimamizi wa mazingira, chombo chenye nguvu za kukamata.

Sasa upande wa pili. Septemba 2013, akiwa mpya ofisini, Wakhungu alitangaza jijini Nairobi, pamoja na UNESCO, kwamba hifadhi kubwa za maji zimegunduliwa chini ya ardhi ya Turkana. Ile ya Lotikipi pekee ilikadiriwa kuwa na mita za ujazo bilioni 200. Magazeti ya dunia yakaandika kwamba kiu ya Kenya imekwisha. Makadirio yale yalitokana zaidi na picha za setilaiti na rada. Vipimo vya visima vilivyofuata vilionyesha maji ya Lotikipi yana chumvi kupita kiasi cha kunyweka. Atatetewa kwamba alisoma ripoti ya wataalamu wa nje, na kwamba waziri hawezi kungoja kila kisima. Huo ndio utetezi ambao mwanajiolojia hawezi kuutumia. Yeye kuliko yeyote katika baraza lile alijua tofauti kati ya maji yaliyopo na maji yanayofaa.

Tofauti hiyo inaihusu Eastleigh moja kwa moja. Maji ya bomba kutoka bwawa la Ndakaini huja kwa zamu, kwa hiyo maboza na mikokoteni ya mitungi hujaza pengo, na wenye majengo makubwa huchimba visima. Chini yao kuna lava na majivu ya volkano, na chini zaidi mashapo ya kale ambamo visima vya Nairobi huchota. Kiwango cha maji hayo kimekuwa kikishuka kwa miongo, na floridi iliyomo hutia meno madoa na kudhoofisha mifupa. Kisheria, anayetaka kibali cha kisima huleta ripoti ya mtaalamu wa maji ya ardhini kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Ripoti hizo mpangaji wa Section One au California, sehemu za Eastleigh, hazioni.

Wakhungu alitoka wizarani mwaka 2018, akaenda Ufaransa kama balozi. Walioshika kazi hiyo baada yake hawahitaji kuwa wanajiolojia. Waagize tu kwamba kiwango cha maji na floridi ya kila kisima chenye kibali Eastleigh kichapishwe kila mwaka na kubandikwa mlangoni mwa jengo, kwa Kiswahili na Kisomali, ili mnunuzi wa mtungi ajue anachokunywa.