Droni Inavyosoma Ramani Kati ya Voi na Milima ya Taita

Wakulima wa Sagalla wanaijua hasara ya ndovu: mahindi ya msimu mzima huliwa kwa usiku mmoja. Wengi wameona ua wa mizinga ya nyuki ukitumika kuwazuia. Kwingineko, kama Maasai Mara na kaskazini mwa Tanzania, walinzi wa wanyamapori wametumia pia ndege zisizo na rubani, yaani droni, kwa kuwa ndovu huukimbia mlio wake.

Droni hizo huongozwa na mtu aliye chini. Nyingine hujiendesha zenyewe. Nchini Rwanda, tangu Oktoba 2016, droni zimekuwa zikipeleka damu hospitalini kutoka Muhanga kwa njia zilizopangwa mapema. Chombo cha aina hii ni roboti, na roboti inayosafiri huhitaji ramani kwa kazi mbili: kupanga njia, na kuelewa inachokiona.

Kupanga njia

Ramani ya roboti hugawanywa katika miraba midogo. Kila mraba una gharama yake: tambarare ni nafuu, mlima hula betri, na eneo lililokatazwa halipitiki kabisa. Kompyuta hujumlisha gharama za njia mbalimbali, kisha huchagua iliyo nafuu kuliko zote. Njia hiyo si lazima iwe fupi. Hata barabara ya kwenda Wundanyi huzunguka kupitia Mwatate badala ya kunyooka.

Urefu wa ardhi ni jambo la kufa na kupona. Mji wa Voi uko takriban mita 600 juu ya usawa wa bahari, Wundanyi zaidi ya mita 1,300, na kilele cha Vuria mita 2,208. Droni nyingi hupima urefu kuanzia pale ziliporuka. Ikirushwa kutoka Voi na kuambiwa ibaki mita 100 juu, itagonga mlima kabla ya kufika Wundanyi. Ni ramani inayoiambia ipande pamoja na ardhi.

Kuona njiani

Ramani huzeeka. Ramani ya urefu wa ardhi inayotumika sana duniani ilitokana na vipimo vya chombo cha anga cha Endeavour, Februari 2000. Katika toleo lake la kawaida, kila mraba ni kama mita 30. Haiwezi kuonyesha mlingoti mwembamba wa simu wala waya wa umeme, na haijui tuta la reli ya SGR, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017.

Ndiyo maana roboti hubeba vihisi: kipokezi cha GPS cha kuijulisha ilipo, kamera, na wakati mwingine leza ya kupima umbali. Picha inayopatikana hulinganishwa na ramani. Vikilingana, safari huendelea. Kikionekana kitu ambacho hakimo, mraba ule huwekewa alama ya hatari na njia hupangwa upya. Mahali ambapo vihisi havijafika huhesabiwa kuwa hapajulikani. Roboti iliyoundwa vyema haichukulii kwamba ni salama.

Kwa hiyo ramani bila macho ni hatari, na macho bila ramani hupotea.

Sheria inasema nini

Chini ya kanuni za mwaka 2020, kila droni lazima isajiliwe na Mamlaka ya Usafiri wa Ndege nchini (KCAA), na mrushaji awe na idhini. Kwa kawaida hairuhusiwi kupita futi 400, yaani kama mita 120, kutoka ardhini. Ndani ya mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) kinahitajika pia.

Vijana wanaotaka kuifanya kazi hii waanze na kibali. Na ndovu wakiingia shambani, usiwafukuze kwa droni yako mwenyewe: waite maafisa wa KWS. Ndovu aliyeshtuka anaweza kukimbilia nyumba ya jirani, na hilo hakuna ramani inayoweza kulitabiri.