Mbegu Inavyopambana na Ukame

Mvua ikikatika kabla ya wakati, wakulima wengi wa Makueni huona jambo moja: mahindi yananyauka huku mtama wa jirani ukibaki kijani. Udongo ni ule ule na mvua ni ile ile. Tofauti iko ndani ya mbegu, katika jeni zake.

Jeni ni maagizo ambayo mmea hurithi kutoka kwa wazazi wake. Baadhi hukaa kimya hadi shida itokee. Udongo unapokauka, mmea hutengeneza homoni iitwayo asidi ya absisiki, nayo huamsha jeni hizo. Vitundu vidogo vya majani hufungwa ili maji yasipotee, na seli hutengeneza protini za kujikinga.

Kinga hiyo ina gharama. Vitundu hivyo ndivyo huingiza hewa ambayo mmea hutumia kujitengenezea chakula. Vikifungwa siku nyingi, mmea huokoa maji lakini hukaa na njaa.

Mahindi huumia zaidi wakati wa kuchanua. Ukame huchelewesha ndevu. Zinapotokea, chavua imeshamwagika. Ndiyo maana bua huwa refu na gunzi likakosa punje. Mtama una mizizi inayokwenda chini na majani yenye nta, na unaweza kusimamisha ukuaji hadi mvua irudi.

Njia nyingine ni kuuwahi ukame. Mahindi ya Katumani, yaliyotolewa kwa wakulima miaka ya 1960, yana jeni za kuchanua mapema na hukomaa kwa miezi 3 hadi 4. H614 ni mbegu ya nyanda za juu kama Trans Nzoia na huhitaji takriban miezi 6. Mvua zetu za Oktoba hadi Desemba haziwezi kuifikisha huko.

Kabla ya kununua mbegu:

- Uliza hukomaa kwa siku ngapi, si magunia mangapi pekee.
- Usirudie kupanda mazao ya mbegu ya haibridi. Jeni huchanganyika upya na sifa nzuri hupotea.
- Usitegemee zao moja. Panda pia mtama, ndengu, kunde au mbaazi. Kumbuka mtama huhitaji kulindwa dhidi ya ndege.

Hakuna jeni inayoleta mvua, bali mbegu inayofaa hutumia vyema ile kidogo inayonyesha. Muone afisa wa kilimo wa wadi yako kabla ya msimu kuanza.