Betri za Zana za Kuchaji: Namna ya Kuzichaji, Kuzitunza na Kujikinga na Moto

Fundi wa madirisha ya aluminiamu anayefanya kazi katika jengo ambalo bado halijaunganishiwa umeme hutegemea mikono yake na betri mbili za drili. Betri moja ikiwa kazini, nyingine huwa kwenye chaji kwa jirani au katika duka la mtaani. Siku betri hizo zinapokataa kujaa, kazi husimama, na mara nyingi bei ya kununua betri mpya hukaribia bei ya drili nzima. Hiyo ndiyo hasara iliyozoeleka. Iko hasara nyingine, isiyotokea mara nyingi lakini isiyoweza kufidiwa: betri iliyoachwa kwenye chaji usiku, kando ya mlango wa chumba ambamo familia nzima imelala, ikashika moto.

Kwa kiasi kikubwa hasara hizo mbili zina chanzo kimoja, nacho ni joto kupita kiasi na chaja isiyo yake. Makala haya yanahusu betri za drili, grinda, misumeno na bisibisi za kuchaji, ambazo sasa zimeenea katika karakana na majumbani.

Desturi zilizorithiwa kutoka betri za zamani

Drili ya kwanza isiyo na waya iliingia sokoni mwaka 1961, ikiendeshwa kwa betri za nikeli na kadimiamu. Betri za aina hiyo zilipochajiwa mara kwa mara kabla ya kwisha ziliweza kupunguza nguvu, kana kwamba zimezoea kufanya kazi nusu. Hapo ndipo ulipotoka ushauri wa kumaliza chaji yote kwanza ndipo uchaji upya, na ule wa kuiacha betri mpya kwenye chaji kwa muda wa saa nane kabla ya kuitumia. Wengi wetu tuliupokea ushauri huo dukani tuliponunua simu zetu za kwanza, na hatukuwahi kuuhoji.

Betri za litiamu, ambazo kampuni ya Sony ilizitoa kibiashara kwa mara ya kwanza mwaka 1991, hazina tabia hiyo. Unaweza kuzichaji zikiwa nusu, robo au robo tatu bila madhara. Kinachoziumiza ni kumalizwa kabisa. Kila seli ndani ya betri hubeba takriban volti 3.6 inapokuwa katika hali ya kawaida, na volti 4.2 inapojaa. Ikishuka mno chini ya volti 2.5 na kukaa hivyo kwa muda, shaba iliyomo ndani yake inaweza kuanza kuyeyuka. Seli hiyo ikichajiwa baadaye, shaba huganda mahali pasipostahili na inaweza kupiga shoti ndani kwa ndani.

Kwa sababu hiyo chaja nzuri hukataa kuichaji betri iliyokwisha kabisa. Mtumiaji huona taa nyekundu inayowaka na kuzima, akadhani chaja imeharibika. Ndipo anapotokea fundi wa kuishtua betri, yaani kuiunganisha kwa nyaya na betri nyingine, au hata na betri ya gari, ili ipate nguvu ya kuidanganya chaja. Huenda ikafanikiwa, na hilo ndilo tatizo: betri ambayo chaja iliikataa kwa sababu ya usalama sasa imerudi kazini ikiwa na kasoro ileile. Usikubali betri yako ishtuliwe. Na drili inapoanza kulegea, au inapozima yenyewe katikati ya kazi, usiendelee kubonyeza kitufe ukiitafutia tone la mwisho. Iondoe betri uichaji.

Chaja inayoingia si lazima iwe chaja yake

Hapa panahitaji hesabu kidogo, na tunamwomba msomaji aifuate, kwa kuwa mitego mingi ya sokoni imejificha ndani ya namba.

Betri ya zana ni mkusanyiko wa seli zilizounganishwa kwa mfululizo. Seli tatu zikijaa hutoa volti 12.6, seli nne volti 16.8, na seli tano volti 21. Betri inayoitwa ya volti 12 huwa na seli tatu. Ile inayoitwa ya volti 18, ile ya volti 20 na ile ya volti 21 kwa kawaida zote zina seli tano, au seli kumi zilizopangwa jozi kwa jozi. Tofauti ni kwamba mtengenezaji mmoja amehesabu volti za kawaida na mwingine volti za betri iliyojaa. Anayekuuzia ya volti 21 kwa bei ya juu akisema ina nguvu kuliko ya volti 18 amekuuzia kibandiko.

Zipo pia zana zenye maandishi ya 48VF, 88VF au hata 128VF. Nyingi kati ya hizo zina seli tano zilezile. Ukitaka kuhakikisha, usisome betri, soma chaja yake. Kwenye kibandiko cha chaja pameandikwa umeme unaoingia na umeme unaotoka. Pale palipoandikwa unaotoka utakuta volti 21, na chaja ya volti 21 haiwezi kuijaza betri ya volti 88.

Hatari yenyewe ni hii. Chaja nyingi za bei nafuu huishia kwenye pini ya duara yenye ukubwa mmoja, iwe ni ya volti 12.6, 16.8 au 21. Chaja ya volti 21 huingia bila shida kwenye betri ya seli nne, lakini kila seli iliyopaswa kukomea volti 4.2 sasa inasukumwa kuelekea volti 5.25. Ikiwa ni betri ya seli tatu, inasukumwa kuelekea volti 7. Betri yenye saketi nzuri ya ulinzi itajikata. Isiyo nayo itapata joto, itatoa gesi, na inaweza kuwaka. Adapta ya kompyuta ndogo nayo si chaja, hata pini yake ikiingia, kwa maana haikutengenezwa kudhibiti umeme unaoingia kwenye seli wala kujua wakati wa kukoma. Mwenye zana zaidi ya moja aandike kwa kalamu ya wino usiofutika jina la zana juu ya kila chaja siku ileile anapoinunua. Ni kazi ya dakika moja.

Anayenunua zana za mitumba ana jambo la ziada la kuangalia. Umeme wa majumbani nchini ni wa volti 230, lakini wa Japani ni volti 100 na wa Marekani ni volti 120. Chaja iliyoandikwa kwamba inapokea volti 100 hadi 240 haina tatizo. Iliyoandikwa 100 au 120 peke yake itaungua mara utakapoichomeka ukutani, hata kama betri yake ni nzima na ina jina linaloheshimika.

Mahali pa kuchajia

Adui wa kwanza wa betri ya litiamu katika nchi zetu ni joto. Watengenezaji wengi hutaka betri isichajiwe penye joto linalozidi nyuzi 40 au 45 za Selsiasi. Kiwango hicho hufikiwa kwa urahisi chini ya paa la bati mchana wa Januari, na ndani ya gari lililofungwa vioo juani huzidishwa. Betri iliyotoka kazini ikiwa ya moto, hasa baada ya kusukuma grinda kwenye chuma, iachwe kivulini kwa nusu saa au zaidi hadi ipoe ndipo ichajiwe. Fundi mwenye haraka huona hasara kupoteza nusu saa hiyo. Akikumbuka bei ya betri ataona nusu saa ni rahisi. Usiipoze kwa kuitia kwenye friji au kuimwagia maji.

Iweke juu ya sakafu ya saruji, vigae au bati, mbali na godoro, pazia, maranda ya mbao, rangi na petroli. Usiifunike kwa nguo. Usiichaji kwenye ekstensheni iliyokwisha kubebeshwa pasi, jiko na televisheni. Ichaji wakati kuna mtu macho, na ukiona taa imegeuka kijani, iondoe.

Jambo moja tunalisisitiza kuliko mengine: usichaji kwenye njia ya kutokea. Katika nyumba nyingi soketi pekee iliyo huru iko karibu na mlango, na kwa kuwa mwenye nyumba anataka kuiona zana yake asubuhi anapoondoka, huiacha hapo usiku kucha. Betri ikiwaka, moto unakuwa kati ya waliolala na mlango wao. Kama huna mahali pengine, chaji jioni mkiwa macho na uiondoe kabla ya kulala, hata kama haijajaa. Kama ilivyoelezwa hapo juu, kutojaa hakuidhuru.

Umeme unapokatika, ni vyema kuchomoa chaja, kwa sababu umeme ukirudi unaweza kuja kwa kishindo. Jenereta ndogo isiyotulia nayo huweza kuua chaja; iache ingurume kidogo hadi itulie ndipo uchomeke.

Kutunza

Betri isiyotumika kwa wiki kadhaa ihifadhiwe ikiwa imejaa takriban nusu, mahali pakavu na penye ubaridi wa kawaida, nje ya mashine. Betri iliyojaa kabisa huzeeka upesi ikikaa kwenye joto, na iliyokwisha kabisa hujishusha hadi kufa. Iangalie kila baada ya miezi michache.

Vituo vyake vya chuma vifutwe vumbi kwa kitambaa kikavu. Vumbi la chuma kutoka kwenye grinda hupitisha umeme, kwa hiyo lisiachwe kujikusanya humo. Na usiitupe betri wazi ndani ya boksi la misumari na skrubu: msumari mmoja ukilala juu ya vituo viwili unatosha kupiga shoti. Kifuniko cha plastiki kilichokuja nayo kina kazi. Kikipotea, tumia utepe wa kuhamia.

Anayerudi na betri kutoka Dubai au Guangzhou kwa ndege aziweke zile zisizo ndani ya mashine kwenye mzigo wa mkononi, vituo vikiwa vimefunikwa, kamwe si kwenye sanduku linalokabidhiwa. Kikomo cha kawaida ni wati-saa 100 kwa kila betri. Ya volti 18 na ampea-saa 4 ina wati-saa 72.

Ikionyesha dalili mbaya

Ganda lililopinda au kuyeyuka, harufu inayokaribia ile ya kiyeyushio cha rangi, majimaji yanayovuja, sauti ya kuchemka, au joto lisilovumilika mkononi: dalili mojawapo ikionekana, kata umeme kwenye swichi. Kama bado haitoi moshi, ipeleke nje, mahali pa wazi, mbali na chochote kinachowaka. Ikiwa imekwisha kuanza kutoa moshi, usiiguse. Watoe watu, funga mlango nyuma yako na upige 114, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Moshi wake una gesi za sumu zinazounguza mapafu. Mchanga huzuia cheche lakini hauondoi joto lililomo ndani ya seli. Maji mengi hulipunguza, ila yatumike tu umeme ukiwa umekatwa na njia ya kutokea ikiwa nyuma yako. Betri iliyozimika inaweza kuwaka tena baada ya saa kadhaa, kwa hiyo isirudishwe ndani.

Betri iliyokufa isichomwe wala kutupwa jalalani pamoja na maganda ya ndizi. Funika vituo vyake kwa utepe, kisha ikabidhi kwa mkusanyaji wa taka hatarishi mwenye kibali, au kwa muuzaji anayepokea betri kuukuu.

Kabla hujalipa

Ipime betri mkononi. Seli iliyozoeleka, yenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, ina uzito wa gramu 45 hadi 50, na ujazo wake hauzidi sana ampea-saa 3.5. Betri yenye seli tano za aina hiyo haiwezi kuwa na ampea-saa 10, achilia mbali 20, hata kibandiko kikisema hivyo kwa rangi ya dhahabu. Betri ya seli kumi lazima iwe na takriban nusu kilo bila kuhesabu ganda. Ukiinua iliyoandikwa ampea-saa nyingi ukaiona nyepesi kama boksi tupu, irudishe juu ya meza.

Dai risiti ya EFD, na umwombe muuzaji aandike juu yake, au kwenye karatasi yenye mhuri wa duka, aina ya zana, volti na muda wa dhamana aliokuahidi. Dhamana ya mdomo ni ngumu kuithibitisha. Betri ikiharibika ndani ya muda huo, au ikigundulika kuwa si ile iliyoandikwa, irudishe kwa muuzaji pamoja na chaja yake na risiti. Asipokusikiliza, malalamiko kuhusu bidhaa bandia au maelezo ya kupotosha yapelekwe Tume ya Ushindani, na yale ya ubora hafifu yapelekwe Shirika la Viwango Tanzania. Usiifungue betri kabla ya kulalamika, kwa kuwa betri iliyofunguliwa humpa muuzaji nafasi ya kusema kwamba wewe ndiye uliyeiharibu.