Herufi zilizochakaa zinauza mzigo, zisikukwamishe mpakani

HERUFI nene zenye kingo zilizomomonyoka na mikwaruzo, kana kwamba zimepigwa muhuri kwenye gunia kuukuu, zinapendwa na wanaofungasha kahawa, unga, viungo na asali. Humwambia mnunuzi kwamba bidhaa imetoka shambani na si kiwandani.

Sura hiyo ilizaliwa na biashara. Mwaka 1827, Darius Wells wa New York, Marekani, alianza kutengeneza kwa mashine herufi kubwa za mbao za kuchapia mabango, kwa kuwa zile za risasi zilikuwa nzito na ghali. Mbao zilipochakaa, wino haukushika sawasawa, yakabaki madoa meupe ndani ya herufi. Kasoro hiyo sasa hutengenezwa makusudi kwenye kompyuta. Mwaka 1991 Mholanzi Erik van Blokland alitoa fonti ya Trixie, inayoiga taipureta chafu.

Kwa mfanyabiashara wa mpakani, swali ni moja: je, afisa na mnunuzi wataisoma? Kanuni ya kimataifa ya Codex, CXS 1 ya mwaka 1985, inataka maelezo ya lazima kwenye chakula kilichofungashwa yawe wazi, yasifutike na yasomeke kwa urahisi. Afrika Mashariki nayo ina kiwango chake cha lebo za vyakula, EAS 38. Maelezo hayo ni kama jina la bidhaa, viambato, uzito halisi, mtengenezaji, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi.

Tatizo huanzia kwenye uchapishaji. Kiroba cha sandarusi kimefumwa, hivyo wino hauenei sawasawa. Herufi iliyochakazwa kwenye kompyuta huchakaa mara ya pili kwenye mashine: 3 na 8 zikafanana, nukta ya desimali ikatoweka na kilo 2.5 zikasomeka 25. Mzigo ukizuiwa kwa lebo isiyosomeka, gharama ya kulaza lori na kuchapisha upya ni ya mwenye mali.

Dawa si kuuacha mtindo. Herufi zilizochakaa zibaki kwenye jina la biashara tu, tena kwa ukubwa. Maelezo mengine yote yaandikwe kwa herufi safi, za rangi nzito juu ya rangi nyepesi. Msimbo wa mistari na alama ya ubora ya shirika la viwango visiguswe na mikwaruzo yoyote.

Kabla ya kulipia maelfu ya mifuko, mwenye mali aombe sampuli iliyochapwa kwenye mfuko wenyewe, si kwenye karatasi, kisha ampe mtu asiyeijua bidhaa aisome. Amuulize pia msanifu kuhusu leseni: fonti nyingi za bure mtandaoni zimeruhusiwa kwa matumizi binafsi tu, na mfuko unaouzwa dukani ni biashara.