Kuku akiacha mayai yake, washa toroshi kwanza



Mama mmoja wa nyanda za juu za Kivu Kaskazini alilalisha kuku wake juu ya mayai 12. Siku kumi kuku alikaa vizuri. Siku ya kumi na moja akatoka kwenye kiota, akasimama mlangoni, akakataa kurudi. Mayai yakapoa. Mara ya pili vifaranga 5 vilitoka, lakini kabla ya juma kuisha kilibaki kimoja. Havikuhara, havikupinda shingo. Vilipauka tu, vikasinzia, vikafa.

Mayai yale yalikuwa minervali ya mtoto. Mama akaanza kusema kwamba kuna mtu amemtupia jicho. Jirani akasikia. Wamama wawili waliokuwa wakienda soko pamoja wakaacha kusalimiana. Mama alikuwa tayari amemfunga kuku miguu amwuze kwa bei ya kutupa, ndipo veterineri wa koperative akapita.

«Mama, kuku zinalalaka wapi?»

«Zinalalaka mu jikoni, Dokta. Inje kuko wezi.»

«Na watoto?»

«Hapo karibu. Lakini siku hizi wanajikunaka sana usiku, nilizani ni viroboto vya kitanda.»

«Basi usiuze kuku leo. Usiku tutaangalia pamoja.»

Giza lilipoingia, walishika toroshi ya simu na kitambaa cheupe. Dokta akapitisha kitambaa chini ya mti ambao kuku wanalalia. Kitambaa kikatoka na mistari ya damu. Kwenye nyufa za mti vidudu vilikuwa vinatembea, vidogo kama ncha ya sindano, vyekundu, vimeshiba. Mchana mama alikuwa amefagia mahali pale pale na hakuona kitu.

Kumbe mchawi alikuwa ndani ya ufa.

Maadui ni watatu, na kila mmoja ana kwao

Wengi wetu tukiona kuku anajikuna tunasema «iko na vidudu», halafu tunatafuta dawa moja. Hapo ndipo tunapoteza franga. Kabla ya kununua kitu, jiulize: hiki kidudu kinaishi juu ya kuku, au kinaishi ndani ya nyumba ya kuku? Jibu ndilo linaonyesha mahali pa kutia dawa.

*Chawa* wanaishi juu ya kuku maisha yao yote. Rangi yao ni kama majani makavu, wanakimbia ukifunua manyoya. Hawanyonyi damu kama chawa wa mtu: wanatafuna ngozi na manyoya. Watafute karibu na sehemu ya kunyea, chini ya mabawa na shingoni. Mayai yao ni meupe, yameshikana kama kifundo kwenye shina la unyoya. Chawa akianguka kutoka kwa kuku hamalizi siku nyingi, anakufa.

*Utitiri mwekundu* ndio wale wa jikoni kwa mama yetu. Mchana wanajificha kwenye nyufa za mbao, chini ya miti ya kulalia, ndani ya kiota. Usiku wanapanda juu ya kuku, wananyonya damu, kisha wanarudi kujificha. Wakiwa na njaa ni wa kijivu, wakishiba ni wekundu. Mahali wanapokaa utaona vumbi kama chumvi iliyochanganywa na pilipili iliyosagwa. Kukiwa na joto, yai la utitiri linakuwa utitiri mzima kwa siku 7 hadi 10. Na wanavumilia njaa miezi mingi: ukihamisha kuku wote juma moja ukidhani nyumba imepona, umejidanganya. Wakikosa kuku wanauma na watu. Ndio maana watoto walikuwa wanajikuna. Kuna pia utitiri wa aina nyingine ambao unabaki juu ya kuku mchana na usiku. Huo unachafua manyoya ya karibu na sehemu ya kunyea, yanakuwa meusi.

*Utitiri wa miguu* hauonekani kwa macho. Unachimba chini ya magamba ya mguu. Magamba yanainuka, mguu unavimba na kufunikwa na ukoko mweupe kama chokaa. Kuku anachechemea, mwisho vidole vinaweza kukatika.

Namna ya kuangalia

Mara moja kwa mwezi, na kila mara kabla ya kulalisha kuku, fanya hivi:

Mchana, shika kuku taratibu, mgeuze, funua manyoya ya karibu na sehemu ya kunyea na chini ya bawa. Angalia haraka, chawa wanakimbia. Angalia upanga wa kichwani: ukiwa umepauka, damu imepungua. Angalia na miguu.

Usiku, rudi na toroshi na kitambaa cheupe. Pitisha kitambaa chini ya miti ya kulalia na kwenye nyufa. Kikitoka na damu, adui ni wa nyumba.

Lakini tusichanganye mambo. Kuku wengi wakifa kwa siku chache, shingo zimepinda, mavi ni ya kijani, hiyo si kazi ya chawa wala utitiri. Huenda ni ugonjwa wa Newcastle. Mwite veterineri upesi, usiuze wala usihamishe kuku. Na kuua vidudu hakuchukui nafasi ya chanjo.

Kutunza kuku mwenye chawa

Kuku mwenyewe anajua dawa ya kwanza: kuoga vumbi. Sisi tumsaidie. Chukua beseni kuukuu au chimba shimo mahali pasiponyeshewa. Changanya majivu ya kuni yaliyopoa na kuchekechwa na udongo mkavu laini au mchanga. Yasiwe majivu ya plastiki au ya mbao zilizopakwa rangi. Kuku wataingia wenyewe kila siku.

Kwa kuku aliyejaa chawa, kuoga mwenyewe hakutoshi. Mtu mmoja amshike, mwingine amsugulie majivu mpaka kwenye ngozi: sehemu ya kunyea, chini ya mabawa, mgongo, shingo. Funika macho na pua yake. Manyoya yenye vifundo vya mayai ya chawa yakate kwa mkasi na kuyachoma.

Wale wa nyanda za juu tuna kitu kingine karibu: pareto, ambayo wengine wanaiita piretre. Maua haya yamelimwa huku tangu wakati wa Wabelgiji, tunayauza kwa kilo na kusahau kwamba yanaua vidudu. Anika maua kwenye kivuli kwa sababu jua linaharibu nguvu yake, saga yawe unga, funga kwenye chupa isiyopitisha mwanga. Unga huo unapakwa kama majivu. Dawa ya unga ya permetrini inayouzwa kwenye famasi za mifugo ilitengenezwa kwa kuiga nguvu ya maua hayo hayo. Ukiinunua, fuata kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, na uulize kama mayai yanaweza kuliwa siku hizo. Pareto na permetrini zinaua samaki, kwa hiyo usioshe beseni mtoni wala karibu na kidimbwi. Permetrini ni sumu kali kwa paka pia.

Halafu, sikilizeni vizuri: rudia baada ya siku 7 hadi 10. Dawa inaua chawa wanaotembea, haiui mayai yao. Mayai yanapasuka baada ya siku 4 hadi 7. Usiporudia, wanaozaliwa wanakua, wanataga, na baada ya majuma matatu unasema dawa ilikuwa ya uongo. Dawa haikuwa ya uongo. Ulifanya nusu ya kazi.

Kutunza nyumba yenye utitiri

Hapa ukipaka kuku peke yake umefukuza mwizi kutoka sokoni huku ukimwacha alale kwako. Kazi ni ya nyumba.

Toa kuku wote asubuhi ya jua. Toa majani yote ya kiota na takataka, choma mbali na nyumba. Toa miti ya kulalia nje. Chemsha maji mengi, tia sabuni, mwaga yakiwa bado yanatokota kwenye nyufa zote, kwenye kiota na kwenye miti. Watoto wakae mbali. Acha vikauke kabisa. Kisha paka chokaa iliyoyeyushwa kwa maji ukutani, uzibe nyufa kwa udongo. Miti iliyooza itupe. Tumia mti ulionyooka, uliotolewa ganda, kwa sababu chini ya ganda ndipo wanapenda. Ncha za mti, pale unaposhikana na ukuta, zipake mafuta ya mawese: utitiri ukipita hapo unakwama na kufa.

Kuko watu wanaomwaga petroli kwenye nyufa. Jikoni kuna moto, na tumeona nyumba ngapi zikiungua? Maji ya moto na sabuni yanatosha ukirudia. Rudia baada ya juma moja, halafu tena juma linalofuata, mpaka kitambaa cheupe kitoke kikiwa cheupe.

Na kama inawezekana, kuku wasilale na watoto. Kibanda kidogo kilichoshikana na ukuta wa nyumba, mlango wake ukifungwa kwa kufuli, kinawalinda na mwizi na kinaacha watoto walale.

Miguu yenye magamba

Osha miguu kwa maji ya vuguvugu na sabuni, sugua polepole kwa mswaki laini. Usibandue magamba kwa nguvu, yatatoka damu. Kausha, kisha paka vazelini au mafuta ya kupikia kwa wingi, yaingie chini ya magamba: kidudu kinakosa hewa. Rudia kila juma. Mguu utachukua majuma mengi kurudi kuwa laini, usikate tamaa.

Mambo ya kuacha

Usipulizie kuku dawa ya shamba, ile ya kabichi, nyanya au kahawa. Inaingia kwenye ngozi, inaingia kwenye yai, na yai analikula mtoto.

Usimpe kuku vidonge vya ivermektini ambavyo watu wanagawiwa kwa ajili ya upofu wa mtoni. Vile vina kipimo cha mtu, na ni kinga ya macho yako. Hata ivermektini ya ng'ombe na mbuzi usiitumie kwa kuku bila veterineri, kwa sababu inabaki kwenye nyama na mayai.

Kazi ya wote siku moja

Kuku wetu hawana mipaka. Wanachakura pamoja, jogoo wa huyu anapanda kuku wa yule. Ukitibu wako na jirani asitibu wake, chawa watarudi kabla ya mwezi kuisha. Kwa hiyo tunaomba kila kikundi kichague siku moja: wote wanapaka, wote wanachemsha maji, na siku ya nane wote wanarudia. Kuku mpya kutoka sokoni akae peke yake majuma mawili, apakwe mara mbili, ndipo aingie na wengine. Mfuko wa dawa ukinunuliwa na kikundi unagharimu kila mtu kidogo.

Mama yetu hakuuza kuku. Alimwaga maji ya moto mara tatu, akatengeneza kiota kipya cha majani makavu na kutia majivu chini. Kuku alipewa mchwa, minyoo ya udongo na majani mabichi mpaka upanga ukarudi mwekundu. Ndipo akalalishwa tena juu ya mayai 12. Safari hii alikaa siku zote 21, na vifaranga 10 vikatoka.

Lakini kabla ya hapo mama alifanya jambo lingine. Alichukua toroshi na kitambaa, akapiga hodi kwa yule jirani, akamwambia: «Mama, unisamehe. Njoo tuangalie na kwako.» Kitambaa cha kwa jirani nacho kilitoka na damu.

Kesho yake walichemsha maji kwenye sufuria moja.

Tunaofuga tumekimbia mara nyingi, na ng'ombe hakimbizwi kwa mkono. Kuku anabebwa chini ya kwapa, na kwa kuku mmoja nyumba inaanza tena. Mali ya namna hiyo isiishie ndani ya ufa. Usiku wa leo, kabla ya kulala, washeni toroshi.