Kuipunguzia Kompyuta Kazi ya Kuchora

Kompyuta iliyo nzito si lazima iwe imechakaa. Kwa mkazi wa Mamba, mkoani Katavi, ambaye hulazimika kusafiri kutafuta vipuri, yafaa kwanza kuchunguza kazi ya uchoraji inayofanywa na mashine yake.

Picha katika kioo cha kompyuta hufanyizwa kwa vitone viitwavyo pikseli. Safu 1,080 zenye vitone 1,920 kila moja hutoa vitone 2,073,600. Mchezo unaochorwa mara 60 kwa sekunde hudai vitone zaidi ya milioni 124 kila sekunde. Kipimo cha mchezo kikishushwa hadi 1,280 kwa 720, hudai milioni 55 tu. Lakini kipimo cha kioo chenyewe kisiguswe, kwani maandishi yatafifia. Huko huzimwa vivuli na miondoko ya madirisha.

Programu-endeshi nayo ni mkalimani baina ya mfumo wa kompyuta na kadi ya picha. Isipolingana na kadi, kazi ya kuchora huweza kukiangukia kichakataji kikuu, na mashine ikazorota. Basi ipatikane kwa mtengenezaji wa kompyuta au wa kadi hiyo.

Marekebisho haya hayagharimu kipuri chochote. Yajaribiwe kabla ya kununua mashine mpya.