Enoch Powell na Mizani Mbili

Mwalimu wangu wa chuoni akipenda kutwambia: ulimi hauna mfupa. Maneno hayo hunijia nimkumbukapo Enoch Powell, mwanasiasa wa Uingereza.

Alizaliwa Birmingham mwaka 1912. Akiwa na miaka 25 alikuwa profesa wa Kigiriki, na mwaka 1950 akaingia Bungeni.

Machi 3, 1959, mahabusu 11 wa Mau Mau walipigwa hadi kufa katika kambi ya Hola, huku kwetu kando ya Mto Tana. Wakoloni wakadai kwanza kuwa wameuawa na maji waliyokunywa. Julai mwaka ule, usiku wa manane, Powell alisimama Bungeni akaishutumu serikali ya chama chake mwenyewe: roho ya Mwafrika haipimwi kwa mizani nyingine.

Lakini Februari 1968 alitaka jirani zetu, Waasia wa Kenya wenye pasipoti za Uingereza, wazuiwe kuingia kwao. Machi sheria ikawabania mlango. Aprili 20, mjini Birmingham, ulimi ule ule ukatabiri maangamizi kwa sababu ya wageni wasio weupe. Edward Heath akamwondoa safu ya mbele ya chama.

Alifariki mwaka 1998. Wasomaji wenzangu, nimwiteje? Ya Hola siyafuti, maana wale maiti walistahili kutetewa. Ya Birmingham siyafichi. Aliyelaani mizani mbili mwishowe alizishika mwenyewe. Nami nimpimapo, sina budi kutumia moja tu.